Mkono Chini ya Kidevu

Nina tabia inayowafanya watu wadhani naumwa na jino. Nikikutana na neno la Kiingereza nisilolijua, kwenye boksi, kwenye ubavu wa lori au kwenye mlango wa duka la dawa, naweka kiganja chini ya kidevu, nalitamka polepole na kuhesabu ni mara ngapi taya linashuka. Likishuka mara moja, neno lina silabi moja. Likishuka mara tatu, silabi tatu. Hivyo ndivyo alivyotufundisha mwalimu wetu wa darasa la tano katika shule moja huko Kisauni, na sidhani kama nilitoka shuleni na kitu kingine kilicho kizima.

Mwalimu alikuwa mtu wa bara, mpole, hakupata kumpiga mtoto. Mimi ningependelea angepiga. Alikuwa na mchezo wake. Alikuita mbele, akakupa neno, nawe ukalipigia makofi, kofi moja kwa kila silabi. Ukizidisha, darasa zima lilikurudishia yale uliyozidisha, kwa pamoja, huku wakikutazama usoni.

Siku yangu nilipewa "strength". Nilikuwa mtoto wa Pwani, na masikioni mwangu kila sauti ilihitaji vokali ya kuikalia, kama sufuria inavyohitaji mafiga. Nikapiga: si-ti-re-ngi-thi. Makofi matano. Mwalimu akatabasamu.

"Moja tu," akasema. "Neno zima hilo, pumzi moja." Akaligeukia darasa. "Haya, mrudishieni yake."

Paa, paa, paa, paa. Makofi manne ya watoto sitini, ndani ya chumba chenye paa la mabati. Nilihisi mkojo wa moto ukiniteremka mguuni, nikabana magoti. Kuanzia hapo niliitwa Tano. "Tano, una dada wangapi? Mmoja? Basi ni watano!" Waliposahau wao, mimi sikusahau. Kila nilipotakiwa kusema jambo mbele ya watu niliyasikia yale makofi manne kabla sijafungua mdomo, na mara nyingi sikuufungua.

Nilipokuwa darasa la saba tuliambiwa kwamba mkaguzi atakuja, na kila mmoja atasoma kwa sauti mbele yake. Asubuhi hiyo niliaga nyumbani kama kawaida, nikapita lango la shule bila kuingia, nikatembea hadi nilipofika kivukoni, nikavuka Likoni. Huko nilibeba mizigo ya watu kwa mwaka mzima. Kisha nikahama. Nimeosha malori Kipevu, nimepiga msasa vinyago Bombolulu, nimelinda mabomba ya mtu Miritini. Sehemu yoyote ikianza kunijua, naondoka. Lakini Kiingereza sikukiacha. Nilikisoma kwenye makatoni. "Fragile", taya mara mbili. "Do not stack", mara tatu. Niliyahesabu peke yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kunirudishia kitu.

Miaka mitatu iliyopita nilijiunga na kikosi cha wapagazi cha Changamwe. Sisi tunaitwa pale ambapo mashine ya kunyanyulia haiwezi kufika: kichochoro chembamba, ngazi, ua wenye mlango mdogo. Mzigo tunaufunga kamba, tunapitisha boriti mbili chini ya kamba hizo, na kila ncha ya boriti wanaingia mabega watu wawili. Ni watu wanane kwa jumla. Wa tisa habebi. Huyo anaita.

Tunamwita mwenye sauti. Wetu alikuwa mzee wa Kaloleni, mwembamba kama fimbo, na mwito wake ulikuwa mmoja tangu kabla sijazaliwa: "Haya wazee, tu-i-nu-e!" Mabega yote yalipanda kwenye ile "e". Si kabla. Mtu mpya kazi yake ya kwanza ilikuwa kujifunza kuingoja. Mzee alimsimamisha bila mzigo, akaita, na mtu huyo akainua visigino vyake peke yake, mara hamsini, hadi mwili ulipokataa kuondoka neno halijafika mwisho.

Kuna jambo jingine aliloturithisha. Kazi ikiisha, kabla ya chai, mwenye sauti huhesabu vidole vya kila mtu. Na mtu akiumia, mwenye sauti huenda mwenyewe nyumbani kwa aliyeumia siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Anavua viatu nje, anasimama mlangoni, anasema: "Ni sauti yangu." Haelezi kwamba kamba ilikatika wala kwamba kulikuwa na utelezi. Anasema hayo tu.

Nilimsindikiza mara moja. Mmoja wetu alivunjika nyonga, na mzee akaniambia twende wote Mikindani. Alipovua viatu niliona vidole vya miguu yake vikijikunja kwenye saruji. Akabisha hodi. Mke wa yule mtu akatoka, akatazama ile miguu mitupu, akaelewa, maana wake za wapagazi wanaijua desturi. Hakulia wala hakumtukana. Alimtazama tu, muda mrefu, naye mzee akasimama palepale akatazamwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilitaka kukimbia. Siku hiyo nilijiapia kwamba nitabeba hadi mgongo upinde, lakini sitaita, wallahi sitaita kamwe.

Mwaka jana mzee akafiwa na dada yake, akaenda Kaloleni kuzika. Kesho yake ikaja kazi. Tanuri la chuma la kuokea mikate, zaidi ya nusu tani, lipelekwe kwenye kiwanda kidogo cha mikate ndani ya mtaa wa Ziwa la Ng'ombe. Kichochoro kilikuwa kinapitisha mkokoteni mmoja tu, na mwishoni mwake kulikuwa na baraza lenye ngazi saba. Sisi tulikuwa watano. Msimamizi, kijana nadhifu wa bara aliyelitoa tanuri bandarini, akaja na wenzake watatu wa kazi za kiwandani. Vijana wa nguvu, mabega kama milango.

"Mwenye sauti wetu hayupo," mwenzangu wa boriti akamwambia msimamizi. Huyu mwenzangu alikuwa mtu wa upande wa Mariakani, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Tulikuwa tumebeba ncha moja mimi na yeye tangu nifike. Bega lake nililijua kuliko uso wa ndugu yangu. Alikuwa anavaa ndara za matairi, mvua ikinyesha, jua likiwaka.

"Sauti ndiyo tatizo?" msimamizi akacheka kwa wema. "Mimi nitahesabu. One, two, three. Mkisikia three, mnabeba. Iko shida?"

"Hakuna, boss," mmoja wa wale vijana akasema. "Labda hawa wazee wa Pwani. Hawa huwa wanalala wakibeba."

"Na nyinyi mna haraka," mwenzangu akamjibu. "Kama mtu aliyekalia siafu."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Kisha wakaanza kulijaribu lile neno la mwisho, kila mtu kivyake, kama watu wanaoonja chumvi. Wale vijana walisema "three" na likaisha hapohapo. Mwenzangu akasema, "Wani, tuu, thi-rii." Wale wengine watatu wa kwetu wakasema vilevile.

Mkono wangu ulipanda wenyewe kidevuni. Nikalitamka: taya lilishuka mara moja. Nikamtazama mwenzangu akilirudia. Kidevu chake kilishuka mara mbili.

Ilikuwa saa nne asubuhi na jua limeshachoma. Niliona kila kitu kama kimeshatokea. Vijana, waliopangwa mbele, wangeinua neno linapoanza, kwa sababu kwao likianza limekwisha. Sisi wa nyuma tungengoja mwisho wake, kwa sababu tumefundishwa kungoja mwisho wa neno, na mwisho wake kwetu ulikuwa mbali kidogo kuliko kwao. Si mbali sana, kiasi cha kupepesa jicho. Lakini nusu tani ya chuma ikipata kiasi cha kupepesa jicho inajua la kufanya nacho.

Ilinibidi niseme. Nilikuwa na maneno yote: jamani, neno hili kwao ni moja na kwetu ni mawili, tutumie letu. Nikafungua mdomo. Nikawaona wale vijana watatu, na msimamizi na kalamu yake mfukoni, na nyuma yao nikasikia, wazi kama siku ile, paa, paa, paa, paa. Na chini ya hayo kulikuwa na hofu ya pili: nikisema tutumie letu, wataniambia basi ita wewe.

Nikajiambia labda nimekosea. Nikajiambia mtu mwingine ataona. Nikaingia bega.

"One!" msimamizi akaita. "Two! Three!"

Mbele kukapanda. Nyuma kukabaki chini. Tanuri likainama kuelekea kwetu, kamba zikalia, na sisi tukapanda tukiwa tumechelewa, tukalikuta linakuja. Mguu wake mmoja wa chuma ukateleza juu ya ubao uliokuwa chini yake, ukatua penye ndara ya mwenzangu. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo ya mtu aliyekumbuka jambo.

"Shusha! Shusha!"

Tukashusha. Kidole cha mwisho cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimepondeka, kucha haipo. Akakaa chini, akakitazama kama kitu cha mtu mwingine. Akachana kitambaa alichofungia kichwa, akakifunga.

"Nani alichelewa?" msimamizi akauliza. Uso wake umebadilika rangi.

"Wazee hao," yule kijana akasema, lakini hakucheka tena.

"Nyinyi mliwahi," mmoja wa kwetu akafoka. "Neno halijaisha mnaondoka!"

"Lilikuwa limeisha!"

"Halijaisha!"

Hapo palikuwa na nafasi yangu ya pili. Jambo lenyewe lilikuwa limesemwa, limelala hapo mbele ya watu wote, limebaki kuelezwa tu. Nikamtazama mwenzangu akifunga kitambaa, damu ikipita. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama boriti. Msimamizi akasema basi atahesabu kwa nguvu zaidi, kila mtu asikie. Wote wakakubali, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio.

"Pumzika wewe," nikamwambia mwenzangu. Ndiyo maneno pekee niliyoyapata.

"Nipumzike, mbebe saba? Ncha yetu utaibeba na nani, na kivuli chako?" Akasimama. "Twende bwana. Kidole si mguu."

Kwenye njia tambarare tulikwenda vizuri, maana mkishaanza kutembea hakuna kuhesabu. Nilikuwa natazama kisigino chake. Kila hatua kitambaa kilizidi kuwa chekundu. Kisha tukafika kwenye ngazi.

Ngazi haisamehe. Kila daraja ni kuinua upya, na waliopo nyuma ndio wenye uzito. Sisi wanne wa kikosi tulikuwa nyuma, wa tano wetu yuko mbele na wale vijana, na nyuma yetu kulikuwa na ukuta wa jirani. Tanuri likirudi, lisingekuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kifuani mwetu. Upande wa mwenzangu ukuta ulikuwa karibu zaidi. Nilipima kwa macho. Hata mtoto asingepenya pale.

"One! Two! Three!" Daraja la kwanza. Likayumba, likatulia.

"One! Two! Three!" La pili. Mbele waliwahi tena, na uzito ukatujia. Niliusikia ukipita kwenye boriti kama maji kwenye bomba. Mwenzangu alipiga hatua moja nyuma kuupokea, akaukanyagia ule mguu wake. Akapumua kwa meno.

"Bado tano," msimamizi akasema. "Vizuri. One! Two! Three!"

La tatu tulilipanda nusu. Mbele walishafika juu, sisi bado tuko chini, boriti imesimama mshazari, na lile tanuri likaanza kuteleza ndani ya kamba zake kuelekea kwetu. Kisigino cha mwenzangu kikagusa ukuta. Shavu lake lilikuwa karibu na langu. Akasema polepole, kwangu tu, kama mtu anayeaga ili asionekane mkorofi, "Naenda, ndugu yangu."

Msimamizi akavuta pumzi ahesabu tena.

"Wacha!" nikasema.

Sikuitambua sauti. Ilikuwa nyembamba, imepasuka katikati. Watu wote wakanyamaza, hata wanawake waliokuwa wakitazama kutoka madirishani. Moyo ulikuwa unanipiga masikioni, na katika kupiga huko nikayangoja yale makofi manne. Hayakuja. Kulikuwa na mlio wa kamba tu.

"Msihesabu. Ngojeni hadi mwisho wa neno langu. Mwisho kabisa." Nikakaza bega chini ya boriti. "Haya wazee. Tu. I. Nu..."

Niliichelewesha ile ya mwisho kama mzee alivyokuwa akiichelewesha, na katika kucheleweshwa huko nilihisi mabega manane yakikusanyika. Hata mbele. Yalikuwa yananingoja mimi. Sijapata kuogopa namna ile, si kabla, si baadaye. Nilijua kwamba yeyote atakayeumia kuanzia hapo nitasimama mlangoni kwake miguu mitupu, na kwamba aliye karibu zaidi kuumia ni huyu ambaye pumzi yake iko shavuni mwangu.

"E!"

Likapanda. Lote, kwa pamoja, kama limekatwa uzito. Kisigino cha mwenzangu kikaachana na ukuta.

"Huyu anaimba!" kijana mmoja akasema kule mbele, kwa mshangao, akihema.

"Nyamaza, usikie mwisho," mwenzake akamwambia.

Niliita mara nne zaidi. Kila mara nilidhani sauti haitatoka. Tulipolitua barazani nikakaa juu ya ngazi. Msimamizi akanipiga bega, akashukuru kila mtu, akampa mwenzangu kitambaa chake safi cha mfukoni, akaondoka na vijana wake. Hawakuwa na desturi yetu, na siwezi kuwalaumu kwa jambo wasilolijua.

Chai ikaletwa, na mikate ya jana. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikashangaa, kisha nikaona wananitazama. Walikuwa wanangoja wahesabiwe. Nikapita kwa kila mmoja, nikahesabu vidole vya mikono, kumi, kumi, kumi. Nilipofika kwa mwenzangu akanyoosha mikono, kisha akanyoosha na mguu.

"Na hivi?" akasema.

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wangu, ambao ulikuwa umepanda kidevuni bila mimi kujua.

"Asubuhi ulishika kidevu hivyo hivyo," akasema. "Kabla hatujainua. Nikadhani jino." "Ulijua?"

Ningeweza kukataa. Nimekuwa nikihama maisha yangu yote kwa sababu ya maswali madogo kuliko hilo.

"Nilijua."

"Hata kabla ya kidole?"

"Hata kabla."

Akavuta chai, akaipuliza, akanywa. Baada ya hapo hakusema nami hadi tulipoachana barabarani. Niliwaza kuvuka Likoni siku hiyo hiyo. Nguo zangu zote zinaingia kwenye begi moja, na kule hakuna anayenijua tena. Nikafika hadi kituo cha magari. Nikasimama hapo, magari matatu yakajaa na kuondoka, kisha nikageuka nikamfuata Chaani, anakoishi.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Mkewe alikuwa uani, amemwekea mume wake beseni la maji ya chumvi, na mwenzangu ameutumbukiza mguu humo. Mlango ulikuwa wazi. Nikavua viatu nje. Saruji ilikuwa ya moto, na vidole vyangu vikajikunja kama vilivyojikunja vya mzee.

"Hodi."

Mke akainua kichwa. Akaona uso wangu, akateremka na macho hadi miguuni. Nikasema kabla sijapata muda wa kusikia chochote kichwani.

"Shikamoo dada. Ni sauti yangu."

"Marahaba." Akamtazama mumewe, kisha mimi. "Mbona huyu ameniambia kidole hiki kilipondeka kijana wa bara akihesabu? Na kwamba wewe ulikuwa kimya, hukusema neno?"

"Ndiyo hiyo sauti yenyewe," nikasema.

Alinitazama muda mrefu, nami nikasimama nikatazamwa. Mwenzangu alikuwa ameinamia beseni lake, akikorogakoroga maji kwa mkono. Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga debe, nikajikuta nahesabu.

"Ingia," mke akasema mwishowe. "Vaa viatu kwanza, utaungua. Na ukishaingia, sema kitu. Usije ukakaa humu ndani kama kabati."